Chicago Theatre lilijengwa kwa ajili ya sinema, na hilo kopo lako usilifungue

"Mwalimu, shikamoo. Mimi na mke wangu tulihamia Chicago miaka mitatu iliyopita. Juzi tulikwenda kusikiliza muziki pale Chicago Theatre, State Street, na tangu siku hiyo jumba lile halijanitoka akilini. Mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa hapa, ananiambia lilijengwa na matajiri kwa ajili ya opera, kwamba marumaru na dhahabu yote ilitoka Ufaransa, na kwamba sinema zilipoingia zikalishusha hadhi mpaka likafungwa. Sasa ni mali ya urithi, anasema, kwa hiyo haliwezi kubomolewa kamwe. Je, ni kweli? Na kama ni sinema tu, kwa nini lijengwe kama kasri? Jambo lingine: mwezi uliopita nilinunua sanduku la vitu vya marehemu mmoja ambaye majirani zake wanasema aliwahi kufanya kazi kwenye majumba ya sinema ya mjini. Ndani kuna programu za maonyesho, picha za vijana waliovaa sare, na kopo la bati la duara, upana kama sentimita 25, linalotoa harufu kali. Nimeliweka jikoni juu ya kabati. Nadhani ni filamu. Lina thamani? Nifanye nini nalo?"

Marahaba, ndugu yangu, na asante kwa swali lililojaa mambo. Nitalijibu lote, ila naanza na kopo. Jumba linaweza kungoja, kopo haliwezi.

Liondoe jikoni leo. Usilifungue, usilitikise, usijaribu kulibandua kwa bisibisi. Lipime kimo kwa rula: kopo lenye upana wa sentimita 25 na kimo cha kama sentimita 4 kwa kawaida limebeba filamu ya milimita 35, ile iliyokuwa ikionyeshwa kwenye majumba ya sinema. Likiwa jembamba, kama sentimita 2, huenda ni ya milimita 16, na hiyo karibu kila mara ilitengenezwa kwa plastiki isiyolipuka moto. Ya milimita 35 ndiyo ya kuogopa, kwa sababu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi za namna hiyo zilikuwa za nitreti. Nitreti ni ndugu wa karibu wa baruti ya pamba, ambayo ni kilipuzi. Inabeba oksijeni yake yenyewe ndani yake, ndiyo maana ikishika moto haizimiki kwa maji wala kwa kufunikwa, na moshi wake ni sumu. Ikizeeka inaoza taratibu, inatoa gesi kali inayochoma pua, na kadiri inavyooza ndivyo joto dogo zaidi linavyotosha kuiwasha. Juu ya kabati la jikoni, penye mvuke na joto la jiko, ni mahali pabaya kuliko pote ulipoweza kuchagua.

Liweke mahali pa baridi, pakavu, penye kupitisha hewa, mbali na jua, mbali na bomba la joto, na pasiwe karibu na mlango mnaoutegemea kutoka nje. Usilitie ndani ya mfuko wa plastiki wala chombo cha kukaza kifuniko, maana gesi ikikosa pa kutokea uozo unaharakishwa. Kisha piga 311, namba ya huduma za mji, uombe kuunganishwa na zimamoto, uwaambie waziwazi kwamba unadhani unayo filamu ya nitreti. Ukiona kopo limevimba, linavuja unga wa kahawia au linatoa moshi, usiliguse hata kidogo: toka na watu wako, piga 911, namba ya dharura. Nitalirudia kopo mwishoni.

Sasa jumba.

Mwenzako amekosea jambo la msingi, na ushahidi upo juu ya mlango. Siku ukipita State Street mchana, simama ng'ambo ya barabara utazame juu ya bango la taa. Utaona tao kubwa la rangi ya maziwa, limeundwa kwa kuiga lile Tao la Ushindi la Paris kwa umbo dogo. Ndani ya tao kuna dirisha la vioo vya rangi, na kwenye vioo hivyo kuna nembo: farasi wawili wameuma utepe wa filamu ya milimita 35, na ukingoni pamezungushiwa magurudumu ya filamu. Anayejenga nyumba ya opera haweki utepe wa filamu kwenye midomo ya farasi wake. Nembo hiyo ni ya Balaban & Katz, kampuni ya sinema ya Chicago. Jumba lilifunguliwa tarehe 26 Oktoba 1921, na usiku huo watu walitazama filamu bubu ya mwigizaji Norma Talmadge iitwayo The Sign on the Door. Opera ya Chicago ilikuwa na makao yake kwingine, katika jumba la Auditorium la mwaka 1889, na kuanzia 1929 katika Civic Opera House kando ya mto.

Hata hivyo nisimwonee mwenzako. Ametazama jukwaa kubwa, shimo la wanamuziki na vyumba vya wasanii, akajiuliza: sinema inahitaji haya yote kwa nini? Swali lake ni zuri, jibu lake ndilo lililopotoka. Mwaka 1921 kwenda sinema hakukuwa kutazama filamu peke yake. Ulilipia saa mbili au zaidi za mchanganyiko: okestra ya watu 50 ilifungua, zikafuata habari za juma zilizorekodiwa kwenye filamu, mpiga kinanda akaonyesha ufundi wake, pazia likafunguka kwa waimbaji na wachezaji waliovaa mavazi ya hadithi fulani, ndipo ikaja filamu yenyewe. Filamu haikuwa na sauti, kwa hiyo muziki wote ulipigwa palepale, mbele ya macho yako. Jumba lilikuwa ukumbi wa jukwaa na sinema kwa pamoja tangu siku ya kwanza. Likumbuke hili, maana miaka 60 baadaye ndilo lililoliokoa.

Barney Balaban na ndugu yake Abe hawakuzaliwa matajiri. Walikuwa watoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Urusi waliokuwa na duka la vyakula upande wa magharibi wa Chicago, na waliungana na Sam Katz, kijana aliyekuwa akipiga piano kwenye visinema vidogo vya mtaani. Wote watatu waliijua vizuri shida ya biashara yao. Filamu hukuimiliki, uliikodi. Filamu uliyoikodi wewe jirani yako naye angeweza kuikodi juma lijalo, na mwanzoni kampuni changa kama yao haikupewa filamu bora. Ukiuza kitu ambacho kila mtu anacho, utashindana kwa bei mpaka ufe. Wao wakaamua kuuza kile ambacho jirani hawezi kukikodi, yaani mahali penyewe: kiti, hewa, taa, heshima ya kupokelewa mlangoni. Filamu ikawa sehemu mojawapo tu ya bidhaa.

Ukishalielewa hilo, kila kitu ulichokishangaa ndani kinapata sababu yake.

Chukua ule ukumbi wa kuingilia, wenye urefu wa ghorofa tano, uliobuniwa kwa kufuata kanisa la kifalme la Versailles, Ufaransa. Watu hudhani ni fahari tupu. Kwa kweli ni chumba cha kungojea. Jumba lilikuwa na viti karibu 3,880, na maonyesho yaliendelea mfululizo kutwa nzima. Maana yake, wakati watu elfu kadhaa wako ndani wakitazama, elfu nyingine wamekwisha kulipa na wanangoja zamu yao. Ukiwapanga barabarani kwenye upepo wa ziwa Michigan, nusu wataondoka. Ukiwaingiza kwenye ukumbi wenye dari ya kutisha kwa uzuri, ngazi iliyoigwa kutoka Opera ya Paris, na picha za kutazama kila upande, watangoja nusu saa na kuiona kuwa sehemu ya starehe waliyoilipia. Hesabu yenyewe ni rahisi: ukijaza viti 3,880 mara nne kwa siku umeuza tiketi 15,520 kwa jengo lilelile, taa zilezile. Ile ngazi pana nayo ina kazi yake, kuutoa mkondo mmoja wa watu na kuuingiza mwingine bila kugongana. Ndiyo sababu waliajiri waelekezaji 125. Naamini vijana wa sare kwenye picha zako ndio hao, au wenzao wa jumba jingine la kampuni. Walifundishwa kusimama, kuzungumza na kuashiria kwa mkono, kila mmoja akijua safu zipi zina nafasi.

Bei sasa. Tiketi ya mtu mzima ilikuwa senti 25 mpaka saa saba mchana, senti 35 baada ya hapo, na senti 50 kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kwa senti 25, karani au mfanyakazi wa kiwandani alipanda ngazi ya kifalme, akaitwa bwana, akakalia kiti cha nguo laini. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ukuu wa jumba lile, kuliko kwenye mapambo. Kasri za Ulaya zilijengwa kwa jasho la watu wasioruhusiwa kuingia. Hili lilijengwa kwa senti za watu walioingia.

Lakini nisilipake rangi nzuri kupita kiasi. Jimbo la Illinois lilikuwa na sheria tangu 1885 iliyokataza kuwabagua watu kwa rangi kwenye kumbi za maonyesho, ila sheria ilikuwa kitu kimoja na mapokezi ya mlangoni kitu kingine, na Waafrika-Wamarekani wa Chicago waliijua tofauti hiyo. Makumi ya maelfu walikuwa wamehamia upande wa kusini mwa mji kutoka majimbo ya kusini, na huko Bronzeville, mwaka 1928, lilifunguliwa jumba la Regal, kubwa na la fahari kama haya ya katikati ya mji. Pale walipiga muziki Duke Ellington na Cab Calloway, na pale B. B. King alirekodi onyesho lake mashuhuri mwaka 1964. Regal lilibomolewa 1973. Kila nisikiapo watu wakililia jengo hili au lile la katikati ya mji, mimi huulizia na hilo, kwa sababu hakuna tao lililobaki la kusimama ng'ambo na kulitazama.

Kitu kingine walichouza Balaban & Katz kilikuwa hewa baridi. Kabla yao, majira ya joto yalikuwa majira ya njaa kwa wenye sinema: nani akae na watu elfu ndani ya boksi lililofungwa mwezi wa Julai? Barney Balaban aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya maghala ya baridi ya kuhifadhia vyakula, akajiuliza kwa nini mashine zinazopoza nyama zisipoze watu. Mwaka 1917 kampuni ilifungua jumba la Central Park, upande wa magharibi wa Chicago, likiwa na mitambo ya kupoza hewa, na Chicago Theatre likafuata mtindo huo. Mitambo ya mwanzo ilikuwa na kasoro: hewa baridi ilisukumwa kupitia matundu ya sakafuni chini ya viti, miguu ikaganda huku kichwa kikivuja jasho, na inasemekana watazamaji walijifunga magazeti miguuni. Baadaye mafundi waligeuza mpango, hewa ikashushwa kutoka darini na kufyonzwa chini. Hata hivyo kasoro hiyo haikuwazuia watu. Wengi wa watazamaji hao hawakuwa wamewahi kuhisi hewa iliyopozwa kwa mashine mahali pengine popote.

Marumaru na dhahabu ya Ufaransa? Michoro ndiyo ilifuata Ufaransa, vifaa vingi havikutoka huko. Wachoraji wa jengo walikuwa Rapp & Rapp, ndugu wawili wenye ofisi palepale Chicago, na uso wa nje ni terakota, yaani udongo uliofinyangwa kwenye kalibu, ukapakwa rangi ya kung'aa na kuchomwa, kazi ya kiwanda cha Northwestern Terra Cotta cha Chicago. Ndani, kama ilivyokuwa desturi ya majumba haya, mapambo mengi ni plasta. Fundi alichonga ua moja kwa mkono, akatoa kalibu, akamimina mia. Nguzo zinazoonekana za marumaru mara nyingi ni plasta iliyochanganywa na rangi na kusuguliwa mpaka ing'ae, na jiwe la kweli huwekwa pale ambapo mkono wa mtu unafika. Hilo halikuwa udanganyifu. Mchoraji alijua kwamba mtazamaji aliye mita 20 chini anaona umbo na mwanga, akatumia fedha pale inapoonekana. Gharama yote ilifika kama dola milioni 4 za wakati ule, na ingekuwa mara nyingi zaidi kama kila ua lingechongwa kwenye jiwe.

Plasta na terakota vina adui mmoja, maji. Kila kipande cha terakota kinashikiliwa na vyuma vilivyofichwa nyuma yake. Maji yakipenya kwenye ufa, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, inasukuma kipande mpaka kinapasuka, ufa unakuwa mkubwa, maji zaidi yanaingia. Paa lisilotunzwa miaka mitano linaweza kuharibu kazi ya miaka mia. Kwa hiyo ukisikia jumba la zamani "limefungwa tu, halijabomolewa", usitulie. Kufungwa bila kutunzwa ni kubomolewa polepole.

Nalo lilifungwaje? Sinema haikulishusha hadhi, ndiyo iliyolizaa. Kilichotokea ni kwamba kile walichokuwa wakiuza, mahali, kilipoteza thamani kwa hatua. Kwanza ilikuja sauti. Baada ya 1927 filamu zikaanza kuongea, na wenye majumba wengi wakawaachisha kazi wanamuziki wao. Chicago Theatre lenyewe liliendelea na maonyesho ya jukwaani mpaka miaka ya 1950, muda mrefu kuliko wenzake wengi. Mwaka 1933 lilipambwa upya kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago. Kufikia hapo Balaban & Katz ilikuwa imemezwa na Paramount, kampuni kubwa ya filamu, na Barney Balaban akawa rais wa Paramount mwaka 1936.

Hapo ndipo penye kiini cha fahari na cha anguko pia. Kampuni iliyotengeneza filamu ndiyo iliyomiliki jumba, kwa hiyo filamu bora zilikwenda kwanza kwenye jumba lake la katikati ya mji, na wewe wa mtaani ulingoja majuma. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mpango huo unavunja sheria za ushindani, na kampuni za filamu zikalazimika kuachana na majumba yao. Jumba la viti 3,880 sasa lilipaswa kugombania filamu kama jingine lolote. Wakati huohuo televisheni iliingia sebuleni, na familia zilihamia vitongojini kwa magari, ambako zilijengwa sinema zenye maegesho. Fikiria gharama: kupasha moto, kupoza na kuwasha taa ndani ya ukumbi wa ghorofa saba kwa ajili ya watazamaji 200 wa Jumanne alasiri.

Kilichofuata katikati ya Chicago kiliumiza. Mwaka 1961 jumba la Garrick, kazi ya wachoraji wa majengo Adler na Sullivan ya mwaka 1892 ambayo mwisho wake lilikuwa sinema, lilibomolewa licha ya watu kuandamana mbele yake, na mahali pake pakajengwa gereji ya kuegesha magari. Chicago Theatre lilishikilia mpaka tarehe 19 Septemba 1985, likafungwa. Kikundi cha wawekezaji wa mjini, kilicholinunua kwa msaada wa serikali ya mji pamoja na jengo la jirani la Page Brothers la mwaka 1872, kikalikarabati kwa kufuata sura ya zamani, na tarehe 10 Septemba 1986 likafunguliwa tena kwa onyesho la mwimbaji Frank Sinatra. Chini ya mwaka mmoja. Lau paa lingeachwa majira matatu ya baridi, nadhani leo ungekuwa unaegesha gari hapo.

Sasa ile imani kwamba mali ya urithi haibomolewi. Hapa nakuomba uwe makini, maana ni kosa linalowalaza watu usingizi. Chicago Theatre liliandikishwa kwenye rejista ya taifa ya maeneo ya kihistoria mwaka 1979. Rejista hiyo ni heshima, na inafungua mlango wa nafuu za kodi, lakini haimzuii mmiliki binafsi anayetumia fedha zake mwenyewe kubomoa. Kinga yenye meno ni ile ya mji: mwaka 1983 jumba lilitangazwa alama rasmi ya Chicago, na kuanzia hapo kibali cha kubadili au kubomoa lazima kipite kwenye tume ya mji. Hata hiyo haiwezi kulazimisha jengo lipate matumizi. Jumba la Uptown, la kampuni hiyohiyo na wachoraji walewale, lilifunguliwa kaskazini mwa mji mwaka 1925 likiwa na viti 4,381, kubwa kuliko hili. Lilifungwa Desemba 1981, mabomba yake yakaganda na kupasuka kwa baridi, maji yakala plasta. Lina ulinzi wa mji, lina wapenzi waaminifu wanaoziba paa kwa mikono yao, na bado halijapokea watazamaji.

Tofauti ya ndugu hawa wawili ni nini? Chicago Theatre lipo State Street, karibu na kituo cha treni, katikati ya mahoteli. Serikali ya mji ilitaka mtaa ule usife, ikatia mkono mapema. Na zaidi ya yote, lilikuwa na jukwaa la kweli, shimo la wanamuziki na sauti inayofika mpaka safu ya nyuma ya balkoni, kwa hiyo lilipokoma kuwa sinema lilikuwa na kazi nyingine ya kufanya mara moja. Ulikwenda kusikiliza muziki pale kwa sababu mwaka 1921 filamu hazikuwa na sauti.

Nikupe na jambo moja ambalo wageni hulipita bila kuliona. Ukiwa ndani, hesabu milango ya kutokea. Ni mingi mno, na yote inasukumwa kwenda nje. Tarehe 30 Desemba 1903, hatua chache kutoka hapo, kwenye barabara ya Randolph, jumba jipya la Iroquois liliungua wakati wa onyesho la mchana lililojaa akina mama na watoto. Walikufa watu 602. Kulikuwa na milango iliyofungwa na mingine iliyofunguka kwa ndani, na pazia la kuzuia moto lilikwama kabla ya kufika chini. Kila jumba lililojengwa Chicago baada ya hapo lilijengwa na watu waliowakumbuka hao. Na ndiyo maana chumba cha projekta kilijengwa kama kisanduku cha zege na chuma, na vifuniko vinavyoshuka vyenyewe kwenye madirisha yake: taa ya projekta ilikuwa na joto kali, na utepe wa nitreti ukikwama mbele yake sekunde chache tu, unawaka.

Ndipo turudi kwenye kopo.

Ulizo lako la thamani nalijibu kwa uaminifu: sijui kilichomo, na hata wewe hujui. Kopo la sentimita 25 hubeba mkanda wa kama mita 300, yaani dakika kumi na kitu. Inaweza kuwa kipande kimoja cha filamu ndefu, inaweza kuwa habari za juma fulani. Vipande vya kawaida havina bei kubwa. Lakini filamu nyingi za zama za bubu zimepotea kabisa, na chache zimerudi duniani kupitia makopo kama hilo lako. Kwa hiyo usilitupe kwenye pipa, ni hatari kwa wazoa taka na huenda ni hasara isiyolipika. Usilitume kwa posta wala usilibebe kwenye ndege, sheria za mizigo ya hatari zinahusika. Usimpelekee muuza vitu vya kale ambaye atalifungua kaunta kwake. Usijaribu kuionyesha kwenye projekta.

Baada ya kuongea na zimamoto, waandikie Chicago Film Archives, taasisi ya hapo mjini inayotunza filamu za eneo hilo, uwaeleze kimo, upana, harufu na maandishi ya nje. Huenda wao wenyewe wasiweze kupokea nitreti, kwani inahitaji vyumba maalumu, ila watajua pa kukuelekeza. Maktaba ya Bunge la Marekani ina vyumba vya aina hiyo huko Culpeper, Virginia. Hili ni jambo la kumwona mtu ana kwa ana. Mimi kwa maandishi siwezi kuinusa filamu yako. Harufu inayofanana na siki huashiria asetati, plastiki isiyowaka ovyo inayooza kwa namna yake. Harufu inayochoma huashiria nitreti. Lakini usizitofautishe kwa pua yako, mwachie mwenye ujuzi na vifaa.

Programu na picha ni rahisi zaidi, na kwangu mimi huenda ndizo zenye thamani kubwa. Usizibandike kwa gundi ya utepe, usizifunike kwa plastiki ya joto. Ziweke kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu. Ukitaka kuuza, mwite mthamini anayejitegemea aje aone kabla hujakubali bei ya mnunuzi yeyote. Ukitaka kutoa, Chicago Public Library ina mkusanyo wa kumbukumbu za majumba ya maonyesho ya mji huo, na ipo Theatre Historical Society of America, iliyoanzishwa 1969 mahsusi kwa majumba kama haya. Ukitaka kubaki nazo, ni haki yako, ila waruhusu wapige nakala.

Kabla ya kuzifungia, geuza kila picha utazame nyuma. Waelekezaji wale walikuwa vijana wa miaka 18, 19, 20, na majina yao hayapo kwenye vitabu vya historia ya jumba. Ukikuta jina, tarehe au jina la jumba limeandikwa kwa penseli, linakili kama lilivyo, hata kama tahajia ina kosa. Na kama kwenye lebo ya kopo kuna neno lolote linalosomeka kwa nje, piga picha bila kuligusa, uniletee.